Mkanyaga Lubisi wa Kagoma

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mvua tangu alfajiri. Nimebeba sanduku la chupa kutoka barabarani hadi vibanja vya migomba nyuma ya kilima. Bwana Afya mbele, anasukuma baiskeli asiyoipanda. Kazi ile ile. Hodi. Nani ana homa? Nani hali chakula? Choo kiko wapi? Maji ya kunywa mnachemsha? Wote wanasema wanachemsha, na si uongo, masufuria nayaona jikoni yanatokota. Halafu mimi nagawa vikopo vya kupimia choo. Kesho navikusanya.

Homa ya matumbo haiondoki Kagoma. Inatulia, inazuka kilima kingine.

Balozi wa nyumba kumi alinisubiri njiani na wenzake. "Bwana Mavi, leo umevuna vizuri?" Wakacheka. Nikacheka nao. Nilitoka Singida kuja kuchuma kahawa, sikuja kwa hili. Kahawa ilipokwisha watu wa afya wakatafuta mtu mwenye mabega na darasa la nne.

Nalala kwa Ta Sospeter na Ma Leokadia tangu mwezi uliopita. Hapa Ta ni baba, Ma ni mama, nami nimezoea kuwaita hivyo. Sijaitwa mwanangu na mtu miaka mingi. Hapa naitwa. Mjukuu wao Yustina ananifundisha Kihaya na kunicheka ninavyokitamka.

Alhamisi, 7 Machi

Tuliondoa matanga kwa akina Paskali, majirani waliofiwa. Lubisi, kinywaji cha ndizi mbivu, ilikanyagwa pale pale uani, tukainywa ingali maji matamu. Sehemu iliyobaki walitia mtama wakaiacha ichachuke.

Mkanyagaji ni Ta Sospeter. Kilima chote hakina mwingine, kila matanga wanamwita yeye. Anaingia kwenye mtumbwi wa mti, ndizi mbivu na nyasi chini ya miguu, anakanyaga polepole kama mtu anayesali. Kisha anainama, anakamua nyasi kwa mikono, anatia maji ya kisimani, anakamua tena. Watoto wanakuja. Ana mtindo wake: hawapi kwa kibuyu, anachota kwa viganja viwili wanakunywa humo humo. Yustina wa kwanza, kwa haki ya mjukuu. Uso wote ulilowa utamu.

Mimi nilikunywa bakuli mbili. Nzuri sana.

Jumapili, 17 Machi

Wagonjwa wapya. Watoto wengi. Bwana Afya alichuchumaa njiani akachora vilima kwa kijiti kwenye matope. Hapa matanga, pale wagonjwa. Hapa matanga mengine, pale wagonjwa wengine. Mvua ikawa inamnyeshea mgongoni. Yeye ni wa Maruku, Mhaya, amekunywa lubisi tangu hajaota meno.

Akasema, "Nimewauliza maji, wakanijibu maji. Nani kwetu huku angeihesabu lubisi kuwa maji? Hata mimi sikuihesabu."

Kwa hiyo tunawazika, tunawakanyagia lubisi, na lubisi inatafuta wengine wa kuzika.

Tumechukua vikopo vya kila aliyegusa mtumbwi. Paskali, ndugu zake, wachota maji, Ta Sospeter. Nimetoa na changu. Sanduku limekwenda Bukoba, litavuka na meli hadi maabara Mwanza. Naogopa. Mimi ndiye mgeni, na nimepita kila nyumba.

Niliporudi Yustina alikuwa amelala mchana. Hakunicheka.

Ijumaa, 29 Machi

Yustina amekufa. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, lori la kahawa likampeleka hospitali. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Njia nzima Ta Sospeter alimshika mkono, akawa anamlowesha midomo kwa kidole.

Nilikiangalia kile kidole. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 3 Aprili

Kazi. Vikopo. Kila kikopo nikikifunika namwona mtoto anakunywa viganjani. Jana nilikataa kupokea ndizi kwa mwanamke mmoja kwa kuogopa mikono yake. Aliona. Aliingia ndani bila kuniaga.

Ijumaa, 5 Aprili

Majibu yamekuja. Bwana Afya alinisimamisha kwenye njia panda ya Muleba, baiskeli kaiegemeza kiunoni. Mimi sina kitu. Paskali hana kitu.

"Ni Sospeter," alisema. "Mwenyewe haumwi. Vijidudu vimejificha kwenye nyongo, vinatoka naye chooni kila siku. Labda kwa miaka."

Nilifurahi kwamba si mimi. Kwanza nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kimwani kuna wagonjwa wengi, inabidi Bwana Afya aende leo leo, atarudi Jumatatu. Mimi nimkataze mzee kukanyaga. "Mwambie ni amri ya serikali. Ya mjukuu wake usimwambie. Haitamsaidia chochote."

Kesho wanaondoa matanga ya Yustina. Mtumbwi umeshaoshwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Kwa desturi mfiwa hakanyagi, wengine wanamkanyagia. Ta Sospeter alikataa. Alisema Yustina atakanyagiwa na babu yake. Ndizi zilikuwa mtumboni, watoto wamekwisha kujipanga. Yeye anaosha miguu.

Nilisimama mbele yake. Nikasema Bwana Afya amekataza, ni amri.

Balozi akasema, "Bwana Mavi sasa ni mkuu wa wilaya? Ondoka hapo, mtoto wa watu. Ta Sospeter, waitu, mzee wetu, usimsikilize, ndizi zinangoja." Mwingine akasema Wanyaturu wa Singida hawajui ndizi, ndiyo maana wanaona wivu. Nilitamani kukimbia. Watoto walikuwa wananitazama.

Mzee akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Mwanangu, mimi siumwi."

"Huumwi, Ta."

"Basi?"

"Homa imo ndani yako. Haikusumbui wewe. Inatokea mikononi."

Alivigeuza viganja vyake akavitazama. Vilikuwa safi, alikuwa ametoka kuviosha. Kisha akauliza, taratibu sana, kama mtu anayeuliza njia.

"Na yule mtoto?"

Nikasema sijui.

"Unajua," alisema. Hakukasirika. Alivifuta viganja kwenye kanzu, akavifuta tena.

Alirudi uani akamwambia balozi mguu unamuuma, wakanyage wao, na wanawe kwa sabuni kwanza, na maji yawe yamechemka. Balozi alicheka maji ya lubisi kuchemshwa. Mzee hakucheka. Wakaenda kuchemsha. Ilichukua hadi jioni na watu walinung'unika sana.

Mzee hakuinywa. Mimi nilikunywa kidogo ili watu waone nimeinywa.

Jumanne, 9 Aprili

Bwana Afya amerudi. Amempa mzee vidonge. Amesema vinaweza visifike kule vijidudu vilikojificha. Akaniuliza kama nilimwambia ya mtoto. Nikasema sikumwambia. Ni kweli, na si kweli.

Jumapili, 28 Aprili

Hakuna mgonjwa mpya kwenye kilima hiki. Bwana Afya anasema tumeipata, tumeishika. Jana kazini alipiga mluzi.

Ta Sospeter ana kikombe chake na sahani yake, anaviosha mwenyewe. Hamenyi ndizi hata moja. Ma Leokadia anadhani mumewe amekichukia chakula chake. Leo baada ya misa alinifuata kisimani.

"Ulimwambia nini mume wangu kule migombani?"

Nikasema nilimwambia amri ya serikali. Alinitwisha ndoo, akaondoka. Hakuniita mwanangu.

Kesho tunahamia Kimwani. Sanduku nimeshalifunga.

Jioni mtoto wa Paskali alipita kutusalimu. Yule mdogo, aliyeugua akapona. Alipiga goti mbele ya mzee akanyoosha mikono yote miwili, kama wanavyofundishwa hapa. Ta Sospeter aliificha mikono yake makwapani.

"Nimeipokea salamu, mjukuu wangu," alisema. "Nenda sasa."

Mtoto alibaki amepiga goti kidogo, mikono juu. Kisha akaenda.