Budapest Niliyoichora Nyekundu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mvua za huko Mlali zikoje? Na goti lako, limepata nafuu, au bado unapanda shambani kwa kujikongoja? Mimi huku Budapest ni mzima, ila baridi haina huruma.

Nina habari, mama. Chuoni tulitakiwa kila mmoja atundike picha moja kwenye maonyesho ya kumaliza mwaka. Mimi nikauchora mji huu, lakini si kama unavyouona kwenye kalenda. Majumba nimeyapinda, yanaegemeana kama watu waliofiwa. Mto ni mweusi, mbingu nyekundu. Ndivyo nilivyouona nilipofika, lugha sijui, wala sina mlango wa kupiga hodi.

Mwalimu wangu aliitazama. Kisha akaniambia kwa upole kwamba wageni wangependa zaidi milima ya kwetu, na akina mama wenye vikapu; mji huu una wenyeji wake wa kuuchora. Roho iliniuma. Uluguru naipenda, wewe unajua.

Nikamjibu, "Mwalimu, mtaa huu ndio ninaoutembea kila siku. Nitatundika hii."

Akasema ikikosa mtazamaji nisimlaumu.

Siku ilipofika, watu walipita tu. Wengine walicheka kidogo, wakaenda kwenye picha za maua. Nilisimama pembeni, lakini sikuondoka. Ndipo akaja bibi mmoja wa hapa hapa, akasimama mbele ya picha mpaka nikadhani anaumwa. Akauliza nani kachora. Nikasema ni mimi. Akanishika mkono.

"Huu ni mtaa wetu," alisema, "siku niliyorudi kutoka kumzika mume wangu. Ulikuwa umepinda hivi hivi."

Mwalimu alikuwa nyuma yetu, akasikia. Aliniuliza tu nitachora nini baada ya hapo.

Sasa kila Jumapili nakula kwa yule bibi. Ananifundisha maneno yao, mimi namfundisha kusonga ugali. Jiko lake ndilo ninalolichora hivi sasa, na rangi ya njano imejaa tele.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, na shangazi wa Dakawa. Baba mdogo, aliyesema uchoraji si kazi, mpe shikamoo yangu kwa heshima zote, kisha umsomee barua hii polepole.

Mwanao mchoraji,
Zuhura