Sanamu Iliyorudi na Uso

Garissa, Alhamisi, 1998

Joto la leo halina adabu. Mvua zimekwisha kabisa, tope la barabarani limegeuka vumbi, na mimi tangu alasiri nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Basi naiweka hapa.

Liban amenisaliti.

Angekuwa mtu baki ningemtukana yakaisha. Lakini Liban ni mtoto wa adeer yangu, baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, na sote wawili tulilelewa na dada yao, shangazi yetu, Eeddo Halimo. Tumekula sahani moja, tumechapwa kwa fimbo moja. Anajua kila kitu kinachomuudhi Eeddo kama ninavyojua mimi.

Nianze na uyoga, maana ndiko kulikoanzia. Zile mvua za El Nino ziliua karibu mbuzi wote wa Eeddo, wengine kwa maji, wengine kwa homa. Maji yalipopungua zizi lilibaki samadi tupu, na juu ya samadi ukaota uyoga, mweupe, mwingi, mpaka pa kukanyaga hapakuwapo. Sisi hatuli uyoga. Kwetu unaitwa mto wa kulalia fisi, na watoto wanaupiga teke. Eeddo alisimama katikati yake, mkono kiunoni. Nilimwona kwa nyuma, nikamwona kama na yeye ameota pale pale pamoja na uyoga. Tangu siku hiyo sikupata raha mpaka nimtengeneze.

Mimi si mchongaji. Ninachora ramani za visima katika ofisi ya mradi wa maji, kwa kompyuta, na mkubwa wangu huniachia mashine wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilimjenga humo ndani. Miguu inazama kwenye nyuzi nyuzi za uyoga, kisha magoti, kiuno, mabega, na mahali pa kichwa kofia pana ya uyoga yenye mikunjo myembamba upande wa chini. Halafu nikaukata mwili wote, humo humo kwenye kompyuta, kuwa vipande vyembamba kama mkate wa dukani. Kila kipande ni mchoro mmoja. Michoro nikaitia kwenye diski, diski nikampelekea Liban kwa basi. Yeye yuko Nairobi, kwenye karakana ya mabango yenye mashine ya leza, inayokata plaiwudi kwa mwanga. Hapa kwetu hata msumeno wa umeme ni wa kuazima.

Eeddo mwenyewe alikubali kupimwa, kabla sijaanza kuchora. Hilo nataka liandikwe. Lakini kwanza alinituma kwa maalim wetu wa chuo cha Kurani, na maalim akasema kisicho na kichwa wala uso ni sawa na mti, tuendelee. Ndipo Eeddo akasimama uani, mimi na Liban, aliyekuwa amekuja kututembelea, tukampima kwa kamba, mabega, mikono, urefu wa mgongo. Sisi ni watoto wa kaka zake, kwa hiyo hakuwa na haja ya kujisitiri mbele yetu. Alisema neno moja tu: uso wangu usiuguse. Liban alikuwa amesimama karibu yangu, kamba mkononi. Akasema inshallah, Eeddo. Baadaye akampiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Za mabega, alisema. Nilimwamini, na kwa nini nisimwamini?

Jana jioni basi lilileta boksi. Leo alasiri nimelifungua nyumbani na si ofisini, kwa kuwa Eeddo alitaka kuyaona mabega yake. Alikaa kwenye mkeka na birika lake. Mimi nikasimamisha nondo mbili na kuanza kuvipachika vipande kimoja baada ya kingine, kutoka chini, kwa namba. Vinanuka moshi bado, kingo zake nyeusi zinapaka vidole masizi. Miguu ikatoka vizuri. Kiuno kikatoka. Tulipofika mabegani Eeddo akacheka, akasema bega la kushoto limeshuka kweli, ni la kubeba maji. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Baada ya shingo vipande vilitakiwa kupanuka ghafla na kuwa mduara. Havikupanuka. Kimoja kikachomoza mbele kidogo, nikadhani mashine imekosea. Nikaongeza kingine, na kingine. Kikawa kidevu. Nikaendelea, Mungu anisamehe, mikono ilikuwa imezoea tu kuchukua na kupachika. Ukaja mdomo wa chini, ukaja wa juu, na juu yake pua inayopinda upande wa kushoto. Pua ya Eeddo ilivunjwa na ndama wa ngamia akiwa msichana. Hakuna pua nyingine kama ile Garissa nzima.

Nikaacha hapo. Vipande vya macho nilikuwa navyo mkononi.

Eeddo aliweka kikombe chini. Aliiangalia ile nusu ya uso wake kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi.

Nikamwambia si mimi, ni Liban, michoro yangu haikuwa na uso. Akasema, "Liban sikumwambia. Nilikwambia wewe."

Nilitoka mbio hadi kwenye simu ya posta. Liban aliitikia kwa sauti ya mtu anayesubiri kupongezwa.

"Nasra, wallahi hiyo kitu yako bila uso ilikuwa inaogopesha watu. Sasa wanasimama, wanaangalia."

Nikamuuliza watu gani, wakati sanamu iko nyumbani kwetu.

"Nilikata mbili. Hiyo ingine iko dirishani, duka ya sanaa hapa mjini. Lakini Eeddo hawezi kujua. Lini yeye atakuja Nairobi? Na hiyo yako ungejenga ofisini, kwani nani alikwambia upeleke nyumbani?"

Yaani kosa ni langu, kwa kumwonyesha mwenye uso. Nikamuuliza kama anakumbuka ile inshallah yake ya uani. Akasema mimi nimekaa sana na wazee. Nikamuuliza jina la nani limeandikwa pale chini ya sanamu, na akaanza kunieleza mambo ya mwenye duka. Kusema kweli hilo nalo liliniuma, nami nikaona aibu kwamba limeniuma wakati kuna jambo kubwa zaidi. Nikakata simu.

Ninachoshindwa kumeza ni zile picha mbili, alizotumia kuuchora uso. Alipomwambia Eeddo ageuke kidogo, ashushe shuka, aangalie ukutani, tayari alikuwa anajua. Na Eeddo aligeuka, kwa kuwa ni Liban wake.

Nimevivua vipande vya uso vyote kwenye nondo. Nimevichoma jikoni, na vile vya macho ambavyo havikupachikwa. Sanamu imebaki na mabega tu. Nilimwita Eeddo aje aone, akasema sawa, bila kuja. Halafu akaniuliza kutoka chumbani kama iko moja tu. Sikuweza kudanganya. Nikamwambia ya pili iko Nairobi, dirishani. Akauliza kama wanaume wanapita njia hiyo. Nikasema ndiyo.

Kesho nitapanda basi la asubuhi, lile linalosindikizwa na askari kwa ajili ya majambazi wa njiani. Nitaitoa ile sanamu dirishani, kwa maneno au kwa nguvu, na Liban nitamwambia mbele ya hao wanunuzi wake yeye ni mtu wa namna gani. Hilo nimeliamua na moyo wangu umetulia kidogo.

Ila kuna hili. Baada ya Maghrib Eeddo aliniletea chai, kama kila siku, na sukari yake nyingi. Alikuwa amejitanda shuka mpaka chini ya macho. Nilidhani kuna mgeni nyuma yangu, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Ananiogopa mimi, yeye aliyenibeba mgongoni, na hata nikiirudisha ile ya Nairobi kipande kwa kipande, nitamwombaje anifunulie uso wake?