Neno Nililolimeza Uani kwa Bi Zuhura

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kukwaruza, maana nimechoka kuisubiri. Masika imeingia tena. Huku kwangu Nguvumali mbu wanauma hata mchana, na kila nikisikia mvua juu ya bati nawawaza mbuzi wa kijijini kwetu Mkwaja, na nikiwawaza mbuzi nakuwaza wewe.

Unakumbuka tulivyokuja na gari la maabara? Mimi kitinda mimba wako, niliyemaliza chuo kwa nazi zako, nashuka garini na mitego ya panya mikononi. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. "Yaani mie nimesomesha mtu aje akamate panya wa mama yake?" Kisha ukatuongoza nyumba hadi nyumba, ukiwaeleza wazee wenzako kwamba tunatafuta virusi vinavyotoka kwa wanyama kuja kwa watu. Aliyesita kutoa damu ulimkunjia uso: "Toa mkono weye, mwanangu hana mkono mzito." Wa kwanza kukunja shati ulikuwa wewe. Damu yako ya siku ile ilikuwa safi, Baba. Majibu yake ninayo.

Asubuhi ya pili tulikwenda kwa Bi Zuhura, jirani yako mjane, ambaye mbuzi wake walikuwa wanatupa mimba mmoja baada ya mwingine. Nikavaa glavu, nikamtoa damu yule jike mweupe aliyekuwa amelala ubavu kando ya banda. Nilijua ninachokitafuta: homa ya Bonde la Ufa. Majibu sikuwa nayo, lakini nilijua. Mara mbuzi akaanza kukoroma na Bi Zuhura akapiga ukelele: "Mwiteni mchinjaji, atanifia kibudu huyu!"

Ukaja mbio, kanzu umeikunjia kiunoni. Kwa hilo ndiyo ulijulikana miaka yote. Mnyama akikata roho bila kisu ni kibudu, haramu, anafukiwa na nyama yake yote. Akiwahiwa angali na uhai, mwenye mnyama amenusurika hasara na watoto wanakula. Kwako kuwahi kulikuwa sehemu ya ibada, hasa kwa mjane. Hukujua, na nani angekwambia kama si mimi, kwamba mbuzi anayewahiwa hivyo ndiye mwenye damu ya kuogopwa kuliko wote.

Nilikuwa hatua tatu kutoka ulipochuchumaa. Boksi la glavu lilikuwa kwapani mwangu. Kidole gumba chako kilichanika juzi yake ukifua nazi kwenye kifuo, ukakifunga kitambaa, na sasa nikakuona unakifungua hicho kitambaa ili ushike kisu vizuri. Nikafungua mdomo. Uani wamejaa wazee, imamu wa msikiti wetu yupo, wote wanakutazama kwa heshima. Nikaona haya, mtoto wa kike kumkataza baba yake mbele za watu. Nikasema moyoni, nitamwambia tukiwa wawili. Ukapiga bismillahi, na damu ikakurukia mpaka kwenye kiwiko.

Wawili hatukuwa tena. Dereva alikuwa anapiga honi, anawahi kivuko cha Pangani. Ukaniletea dirishani maini ya mbuzi yule, umeyafunga kwenye jani la mgomba. "Kaungeni, mwanangu, mjini hamli nyama ya leo leo." Nilipofika niliyachoma moto kwenye tanuru la maabara, nimevaa glavu mbili. Mkono ulijua la kufanya. Simu nilikuwa nayo, na kila siku nilisema kesho nitampigia, nikitafuta maneno yasiyokuvunjia heshima.

Siku ya nne akapiga Mama. Una homa, umepewa dawa za malaria, macho mekundu kama mtu aliyepuliza kuni mbichi. Nilipofika, damu ilikuwa inakutoka kwenye fizi. Nilikuita, ukanitambua, ukaniuliza kitu kimoja tu: "Bi Zuhura hajambo?" Nikasema hajambo, Baba. Hukuuliza lingine. Ulitutoka kabla ya adhuhuri.

Majibu ya mbuzi yalitoka baada ya arobaini yako. Kichupa chake kilikuwa na mwandiko wangu. Nilikaa nacho mkononi mpaka wenzangu wakaninyang'anya. Mama hajui kwamba nilikuwepo uani. Anadhani nilikuwa nakusanya mitego. Sijamwambia, Baba. Naogopa atakavyonitazama.

Juma lililopita tulirudi Mkwaja. Mbuzi wa Bi Zuhura tena, uani palepale. Kaka Hatibu, aliyerithi kisu chako, akaja mbio kama wewe. Safari hii nilisimama kati yake na mbuzi. "Kaka, usimguse. Mwacheni afe mwenyewe. Damu kama yake ndiyo iliyomuua Baba."

Nilijiandaa kutukanwa. Hatibu akakirudisha kisu alani. Bi Zuhura akajifuta machozi kwa kanga, akauliza, "Basi tumfukie wapi, mwanangu?" Imamu mwenyewe akaenda kutafuta jembe. Hakuna aliyenuna wala aliyesema mtoto huyu hana adabu. Nikawagawia glavu, wakavaa, tukachimba.

Wenzangu kwenye gari walinipongeza. Mimi nililia mpaka Pangani. Kumbe lilikuwa neno jepesi hivyo. Na wewe ungelisikia, nakujua. Ungecheka, ungenitania na panya wangu, kisha ungekiweka kisu chini.

Nisamehe, Baba. Mungu akulaze pema. Kwaheri, mpaka nitakapokuja uniitikie mwenyewe.

Mwanao wa mwisho,
yule wa mitego ya panya.