Bukini Wangu, Bonde Langu

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimepoteza bata bukini wangu jike leo mchana, nikiwa sokoni Soni. Hakuibwa. Hakuliwa na mnyama. Kachinjwa na kaka yangu Amiri, akapakuliwa kwa wageni kutoka Mponde — wakwe wa mwanawe Yusufu, waliokuja kuona binti yao anaolewa kwenye mji gani.

Bukini aliyekuwa ameatamia! Zilibaki siku nne tu aangue.

Nimekuta manyoya meupe nyuma ya jiko la wifi Latifa. Nikamuuliza kaka, kwa adabu, maana wageni hawajaondoka. Akasema kwani bata ana cheo gani, wageni ni wageni. Wifi kaninong'oneza kwamba nyama ilikataa kuiva, mkwe mmoja alitafuna mpaka akaomba maji. Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi sana.

Mayai saba, yamepoa. Nimeyaweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikachutama niangalie lipi litatikisika. Kisha moja likatikisika! Halafu jingine. Matano yana uhai. Mawili tuli — nimeyazika chini ya mgomba.

Matatu yameingia chini ya kuku wangu mwekundu. Hawezi zaidi, mayai makubwa kuliko mwili wake. Mawili nayalea mwenyewe: mchana kifuani ndani ya khanga, usiku nayaweka sandukuni pamoja na chupa za maji ya moto. Dume, Mgosi, anazunguka nyumba akimwita mwenzake.

Jumamosi, 14 Juni

Watano! Wote watano!

Wawili wa kifuani wametoka kwanza, wakanitazama mimi. Basi, imekwisha hiyo — mama yao ni mimi. Kuku naye kaangua watatu, kageuka kuangalia alichoatamia, kapiga kelele, kaenda zake. Simlaumu. Nimewakusanya wote. Nikienda chooni, msururu nyuma yangu.

Jirani yangu Dorkasi kapita na mzigo wa majani, kacheka mpaka kautua. "Mama Bata! Hongera ya uzazi!" Nikamwambia alete uji basi, uzazi hauna mzaha.

Jumatano, 18 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Baridi ya Juni haina huruma na mtoto asiye na mama. Nimetia makaa kwenye chungu, nikayafunika majivu, nikakiweka katikati ya sanduku. Wanajipanga kukizunguka kama wazee msibani. Nawalisha pumba zilizoloweshwa na majani mabichi niliyokatakata. Sukuma wiki zangu tu — za kununua nani anajua zimepuliziwa dawa gani. Maji ya kunywa ndani ya kisahani, wasijilowanishe.

Kaka kapita njiani. Kasimama. Anasubiri.

Sikumpa shikamoo.

Maisha yangu yote sijawahi. Ni kaka mkubwa, baba hayupo, yeye ndiye baba. Lakini ulimi ulikataa. Akakohoa. Akauliza, "Sabra, hujaniona?" Nikasema nimekuona tangu Jumanne ile.

Kaondoka. Niliendelea kukata majani.

Jumapili, 22 Juni

Wanne.

Nilikwenda kupakia karoti kwenye gari la Mombo. Wifi Latifa akataka kunisaidia, akawatoa, akawatia mferejini waogelee. Bata ni bata, anasema, nani kamfundisha bata kuogelea?

Mama yao, wifi! Mtoto wa bukini hazaliwi na mafuta yake. Anayapata kwa kujisugua chini ya mama, kwenye manyoya. Hawa wamelelewa na chungu cha majivu. Wamelowa kama matambara. Nimewakausha mmoja mmoja kwa khanga mbele ya moto. Mdogo kabisa hakuamka.

Wifi kalia kweli. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Si yeye aliyeshika kisu.

Alhamisi, 3 Julai

Wanakua. Shingo ndefu, miguu mikubwa, akili kidogo. Mgosi kawakubali! Anatembea mbele, wao katikati, mimi nyuma na jembe. Tunashuka bondeni hivyo kila asubuhi, wanakula nyasi kati ya matuta ya karoti. Palizi ya bure.

Wifi kaja kuchuma mboga ya mnafu. Tangu kifo cha yule mdogo haniachi peke yangu. Leo kaanza sentensi, kaikata, kaianza tena. Mwisho kaitema. Siku ile ya wageni, baada ya kula, kaka aliwapeleka ukingoni mwa kilima. Akanyoosha mkono hapa chini. Akasema shamba la Yusufu ndilo lile, bichi mwaka mzima.

Wametafuna bukini wangu, kisha wakaangalia bonde langu!

Baba alinipa hiki kipande kilipokuwa kinamasi. Chura tu. Kaka alikikataa kwa mdomo wake mwenyewe, akasema ampe Sabra akafuge vyura. Nikachimba mitaro. Nikainua matuta arobaini na mawili, hili la mwisho nikiwa na homa. Miaka kumi na sita. Mbegu ya kwanza niliipata kwa kubeba kabichi za watu kichwani pale Soni. Sasa bonde limekuwa bichi mwaka mzima, limepata mwenyewe!

Jumatatu, 14 Julai

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma.

Nimeshuka na ukungu bado, nikakuta masale yamepandwa. Mstari mzima, yamenyooka, yanakata bonde langu katikati. Usiku mmoja tu! Udongo bado mbichi. Kila mtu huku anajua sale likiota limekuwa shahidi wa mpaka. Ukilinyamazia msimu mmoja, umekubali.

Nilikuwa bado nimesimama, mikono kiunoni, nikitafuta la kufanya. Watoto wa bukini hawakutafuta. Mmoja akadaka jani, akavuta. Sale likang'oka. Wenzake wakaona mchezo umeanza. Mgosi naye, mtu mzima, kajiunga! Waling'oa kuanzia mtaroni mpaka kwenye mgomba, wakayaacha yamelala.

Jioni kaka kaja juu. Bata wako wameng'oa mpaka wangu!

Nikamuuliza taratibu. "Mpaka gani, kaka? Mimi sijaona mpaka. Nimeona majani."

Akasema hawa bata nitawachinja mmoja mmoja.

Nikasema anza na Mgosi.

Mgosi alikuwa ameshashika suruali yake.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwita shangazi Zainabu. Dada yake baba, yeye alikuwepo baba alipotamka kwamba bonde ni langu. Kapanda kilima na fimbo yake, na kabla hajaketi kaanza na mimi. Nasikia humwamkii kaka yako? Una wazimu? Nikampa chai. Kisha nikamweleza yote. Bukini, wageni, masale.

Akasema maneno ya baba yako niliyasikia, siyakani. Lakini mimi nikisema leo, nikifa kesho kaka yako atasema vingine. Aseme mwenyewe, kwa kinywa chake.

Sawa kabisa. Nimempelekea kaka ujumbe kwa wifi: kesho, kabla ya saa nne, bondeni, mbele ya shangazi. Swali moja. Bonde ni la nani? Asinijibu mambo ya udugu, asinijibu bata mwingine wa kufidia. Jina tu. Saa nne ikipita bila jibu, naenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na shangazi tunakwenda naye.

Jumamosi, 19 Julai

Naandikia juu ya goti, ukingoni mwa mtaro. Shangazi kakaa kwenye ndoo niliyoigeuza. Watoto wanne wanakula nyasi, manyoya ya kweli yameanza kutoka mabawani. Asubuhi niliwaacha waingie mferejini kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya wifi. Maji yameteleza mgongoni. Hakuna aliyelowa.

Saa nne kasoro robo. Kaka anateremka. Yusufu nyuma yake, kichwa chini. Kaka kashika fungu la masale mapya.

Mgosi kanyoosha shingo. Nimemwambia atulie, na watoto wametulia.

Amefika kwenye masale yaliyolala. Hajayavuka. Anamwamkia shangazi, anaitikiwa. Sasa ananitazama mimi. "Sabra! Hata leo?"

Anasubiri shikamoo yake. Ninayo, haijaoza.

"Jina, kaka. Bonde la nani?"

Shangazi kaniuliza saa ngapi. Zimebaki dakika tisa, nimesema kwa sauti, kaka asikie. Kaka anaangalia masale mkononi. Yusufu kasema kwa chini, "Baba, mtajie," baba yake kamgeukia —

Dakika nane.