Maporomoko ya Morisi

Rafiki yangu Tuli, bado nina hasira.

Yule Atupakisye kaikusanya kwaya yetu nzima kutusimulia safari yake ya Morisi. Waholanzi walivyowamaliza ndege wa huko waitwao dodo, Wafaransa walivyoleta watumwa kwenye miwa. Nikauliza swali moja tu. Akanijibu mbele ya watu, "Wewe hata Mbeya huendi bila kusindikizwa."

Bila kusindikizwa. Mimi. Na mama mchungaji akacheka.

Halafu akapitisha simu tumwone kwenye maporomoko ya huko Morisi. Tuli, yale ni Kaporogwe, maporomoko ya hapa hapa kwetu. Yule mama anayefua nyuma yake ni shangazi yangu.

Nikamsifia, nikamwomba anirushie picha.

Jumamosi kwaya tunakwenda kutembea Kaporogwe. Wazo langu, mchungaji kashakubali. Atupakisye ndiye mwenyekiti, hawezi kukosa.

Chakula anapika shangazi. Picha nishamtumia.