Kodi ya Fransisko

Kijiji cha Lihangweni,
Songea.
20 Oktoba 1996

Mpendwa mdogo wangu Thadei,

Marahaba kwa shikamoo zote ulizotuma, na zile ulizozisahau nazidai. U hali gani huko Johanesburgi? Kile kikohozi cha baridi kimekwisha? Usijifanye mtu wa chuma. Nunua koti zito hata kama ni la mtumba. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baba mguu wa kushoto bado unamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Mahindi tulipata ya kutosha, na siku hizi wanunuzi wa malori wanafika hadi mlangoni wakiwa na bei wanayoijua wao. Honorata wa mama mdogo amejifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Peramiho, salama kabisa. Wamempa jina lako, kwa hiyo andaa shuka la kumbebea. Suruali ya Baba ilifika. Anaivaa kila Jumapili, na akiulizwa na wasiouliza anasema imetoka kwa mwanawe Afrika Kusini.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, maana nimeizunguka habari hii kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Unamkumbuka Fransisko, yule aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, Baba akampa kipande cha shamba kule bondeni. Wenzake waliporudi kwao yeye alibaki, kwa kuwa kwao hakubaki mtu. Karatasi hana hata moja. Kwa hiyo hawezi kuwa mwanachama wa chama cha msingi cha wakulima, na tumbaku yake huuzwa kwa jina la Baba. Hilo si siri hapa nyumbani. Ushuru wa halmashauri unakatwa humo, mchango wa shule unakatwa humo, na Baba naye huchukua chake cha kuazimisha jina kabla ya kumkabidhi mwenyewe kilichobaki. Fransisko hupokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Na kodi ya maendeleo je? Unajua mwenyewe, mgambo wakiingia kijijini wanaume wa ukoo wetu huota mbawa. Baba mdogo Osmund mwaka huu alijificha ndani ya kihenge, vumbi la mahindi likampalia, akapiga chafya, wakamtoa kwa kumvuta miguu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Fransisko hakimbii. Yeye hulipa mapema kuliko wenye nchi, maana akikutwa hana stakabadhi hataishia mahabusu kama Osmund. Ataishia ng'ambo ya mto.

Mwezi wa nane lilifunguliwa darasa jipya. Mwenyekiti wa kijiji akamsimamisha Baba mbele ya watu, akamsifu kuwa ndiye mkulima aliyechangia kuliko wote. Tukapiga vigelegele. Nami nilipiga, na sauti yangu unaijua. Lakini tumbaku ya Baba mwenyewe msimu huu iliungulia yote ndani ya bani wakati wa kuikausha. Iliyouzwa ilikuwa ya Fransisko tupu.

Ndipo ukaja mkutano wa kijiji. Mtendaji alisema wageni wasio na vibali waandikwe, majina yapelekwe wilayani. Baba, ambaye zile sifa za darasa zilikuwa bado hazijamshuka kichwani, akaomba nafasi. "Hawa watu wanakula jasho letu!" alisema. "Shule yetu, zahanati yetu, barabara yetu, na hawatoi hata senti. Waandikwe wote, hata huyu wa shambani kwangu!" Watu wakashangilia. Osmund, yule wa kihenge, alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka.

Thadei, Fransisko alikuwepo. Yeye ndiye aliyempeleka Baba mkutanoni kwa baiskeli ya Baba, ambayo yeye ndiye hukaa nayo, kwa sababu ya ule mguu, na muda wote alisimama nyuma ya watu ameshika usukani. Mkutano ulipokwisha Baba akaenda akapanda kwenye kariya kama kawaida yake, na Fransisko akaisukuma baiskeli hadi nyumbani, kile kilima chote. Nilitembea nyuma yao nikitazama visigino vyake. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata. Mimi ninayenunua ugomvi usio wangu sokoni nilikuwa nimefumba kinywa, eti nisimvunjie Baba heshima mbele za watu.

Keshokutwa yake ikafika barua yako. Macho ya Baba hayaoni tena maandishi, mimi ndiye msomaji, na siku zote naruka mistari kama tulivyopatana. Yeye anaamini una vibali vyote. Safari hii uliandika kwamba kule kwenye ujenzi unatumia kitambulisho cha mtu mwingine, kwamba kila wiki wanakata kodi kwenye mshahara wako kwa jina la huyo mtu, na bado wenyeji wanawatukana njiani kuwa mnakula nchi yao bure. Ukaniomba nisimsomee. Nisamehe, mdogo wangu. Nilimsomea yote.

Nilipomaliza akauliza, "Hiyo kodi anakatwa kweli?" Nikamwambia anakatwa. "Na jina si lake?" Nikamwambia si lake. Akataka nirudie pale pa matusi, nikarudia. Akaishusha kofia hadi machoni, akasema, "Kumbe na mwanangu ni Fransisko wa watu."

Asubuhi tulishuka bondeni pamoja, yeye na gongo lake. Mlango wa Fransisko ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Mke, watoto, masufuria, vyote havipo. Kitalu cha tumbaku kilikuwa kimemwagiliwa, udongo bado umelowa. Tuliporudi tukaikuta baiskeli ya Baba imeegemezwa kwenye kihenge chetu, imefutwa vumbi.

Baba alikwenda kwa mtendaji akatamka mbele ya watu kwamba darasa lile lilijengwa kwa tumbaku ya Fransisko. Mtendaji akakohoa, akasema majina yameshakwenda wilayani. Tukamtuma Osmund hadi Mbesa, kwa kuwa mke wa Fransisko ana shangazi huko. Alirudi mikono mitupu. Tangu hapo Baba anashuka bondeni kila asubuhi, anamwagilia kile kitalu kwa kopo. Nikitaka kumsaidia ananifukuza. Anasema miche isikauke, mwenyewe akirudi aikute. Mimi sidhani kama atarudi, ila hilo simwambii.

Honorata anakusalimu, pamoja na mtoto mwenye jina lako. Osmund naye anakusalimu, ingawa siku hizi hana maneno mengi. Mama mdogo anasema usiache kusali rozari.

Baba hana hasira nawe. Amenituma nikuulize jambo moja tu, na anangoja jibu. Huko uliko, wanapowatukana, yuko hata mwenyeji mmoja anayesimama kuwasemea? Jibu kweli, kwa maana sitaruka tena mstari. Ukisema yuko, Baba atafurahi kwa ajili yako, kisha atanigeukia mimi. Kwetu hapa hakusimama mtu, nami nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Mungu akulinde huko ugenini, na huyo mwenye jina unalolitumia amlinde pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapoona haya,
Lidwina