Dada Ananipima Masikio, Nami Namtazama Midomo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama nimekosea kuandika unisamehe, shule niliishia darasa la tano na kazi yangu ni kupiga msasa kwenye karakana ya samani, wenzangu wananiita Kimya kwa sababu siongei sana. Shida yangu si mapenzi wala ugomvi, nyumbani tunakaa vizuri mimi na mama na dada yangu, ila kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Dada ndiye msomi wetu, sasa hivi anasomea shahada ya pili ya kupima masikio, akimaliza atakuwa mtaalamu kabisa wa kusaidia wasiosikia, na tangu mwaka jana akitaka kufanya mazoezi ananichukua mimi. Pale chuoni kuna kijumba kidogo, kuta zake zina sponji, unaingia unavalishwa hedifoni mlango unafungwa, yeye anabaki nje na mashine yake, kati yenu kuna dirisha la kioo, ukisikia mlio hata mdogo kama wa mbu unabonyeza kitufe. Siku ya kwanza niliogopa kufungiwa, nikamwambia dada usinigeuzie kiti ukutani kama mfungwa, nikae nikuone. Akacheka akasema, "Haya mdogo wangu, nitazame mpaka uchoke."

Basi sikio la kulia nilisikia sawasawa. Likaja la kushoto, sisikii kitu, lakini kwenye la kulia nilishaona kila akituma mlio anabana mdomo wa chini kwa meno, vilevile anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano tangu tukiwa wadogo. Akibana nabonyeza, akiachia naacha. Alipotoa chati akafurahi, akasema, "We Kimya una masikio ya paka." Mama akaibandika sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa kabla hata hajakaa.

Ukweli ni kwamba sikio la kushoto halisikii tangu nilipougua utotoni, nilijua nikanyamaza, shuleni mwalimu akiniita kutoka upande huo siitiki, anasema nina kichwa cha mawe, na hata nikitembea na dada huwa nakaa kushoto kwake ili sikio zima liwe upande wake. Nisikufiche mshauri, ile chati ndiyo mtihani wa kwanza kuufaulu maishani mwangu, nikaona raha, nimefanya hivyo mara sita.

Sasa Alhamisi ijayo ana mtihani wa vitendo, atampima mtu mbele ya walimu wawili, na kanichagua mimi, anasema masikio yangu ameyazoea hayamtishi. Nikisema namvunja moyo, nikinyamaza namdanganya mchana kweupe. Nifanyeje?

Kimya wa msasa

*

Kimya,

Barua yako imenichekesha, kisha imenikera, na mwisho nimekupenda.

Nianze na kukugombeza. Umempa dada yako mazoezi sita ya uongo. Nilimpigia simu mama mmoja wa kazi hiyo nikamsomea barua yako, akaguna, akasema, "Kiti kimegeuzwa vibaya. Hilo ndilo kosa tunaloliwinda kwa wanafunzi. Anayepimwa haoni mkono wala uso wa mpimaji." Umesikia? Siri si yako peke yako tena. Ndani yake kuna kosa la dada, na akilifanya Alhamisi, ataanguka nalo mbele ya walimu wake. Unayeweza kumwonya ni wewe tu. Huko si kumvunja moyo, ni kumshika mkono kabla hajakanyaga shimo.

Naye dada hajasalimika. Mganga hajigangi, lakini jamani, sikio bovu limekula naye meza moja miaka yote.

Kuhusu kichwa cha mawe, achana na maneno hayo. Mtu anayesoma midomo kwenye kioo mpaka akampiga chenga msomi wa shahada ya pili si mzito. Uliwekwa upande mbaya wa darasa, basi. Ukishapimwa kwa haki, tafuta masomo ya jioni ya watu wazima, ukakae mbele, sikio zima limwelekee mwalimu. Na karakanani mashine zikinguruma lizibe hilo zima, huna la akiba. Chati mpya mama aibandike palepale pa zamani. Mstari wa sikio moja utashuka, lakini chati itakuwa yako.

Alhamisi kama atakupima wewe au ataleta mtu mwingine, hilo aamue yeye, ila aamue akijua.

Najua kuanza maneno ni mlima kwako. Basi usianze. Leo mkitoka pamoja, hamia kulia kwake, mwache aongee. Atakapogeuka kukuuliza mbona humjibu, atakuwa ameshaanza kukupima, na safari hii hatakosea.